Mipira ya misimu yote kwa gari ya Unguja: inunuliwe au iachwe?

Swali: "Assalaamu alaykum fundi. Mimi ni mwalimu, nakaa Fuoni na nasomesha Makunduchi, naenda na kurudi kila siku ya skuli kwa gari yangu ndogo, Toyota IST. Mipira ya gari imekwisha na masika yanakaribia. Dukani nimeoneshwa aina tatu, zote saizi 185/65R15 kama ilivyoandikwa mlangoni mwa gari. Wa kwanza ni mtumba wa Ulaya, shilingi 70,000 mmoja. Muuzaji anasema ni wa misimu yote na hautelezi hata kwenye mvua kubwa. Umeandikwa M+S, una alama ya mlima wenye theluji, na namba yake ya mwisho ni 3118. Kashata zake, yaani vile vipande vya mpira vilivyoinuka vinavyokanyaga njia, bado zinaonekana. Wa pili ni mpya wa Kichina, 150,000. Wa tatu ni mpya wa Kijapani, 230,000. Mume wangu anasema mtumba wa Ulaya ni bora kuliko mpya wa Kichina. Nichukue upi? Na nikipata pesa ya miwili tu kwa sasa, niifunge mbele au nyuma?"

Jibu: Wa alaykumu ssalaam, Mwalimu. Huo wa mtumba uache. Kama mfuko unaruhusu, chukua wa Kijapani minne. Kama hauruhusu, chukua wa Kichina minne, lakini usome kwanza maandishi ya ubavuni nitakayokueleza. Na ikibidi miwili tu, ifungwe nyuma. Najua mafundi wengi watakwambia mbele, kwa hiyo nitakupa sababu zangu.

Kwanza tuuweke wazi huu mpira wa misimu yote, kwa sababu muuzaji amekusifia kitu ambacho hukihitaji. Mipira hii ilitengenezwa kwa watu wenye baridi kali. Goodyear walitoa wa kwao, Tiempo, Marekani mwaka 1977, ili mtu asilazimike kubadilisha mipira kila theluji inapoanguka na kila inapoyeyuka. Ulaya wengi waliendelea kuweka seti mbili nyumbani, ya kiangazi na ya baridi, na aina hii ilizidi kushika kasi huko Michelin walipoleta CrossClimate mwaka 2015. Tatizo wanalolitatua ni hili: joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, mpira wa kawaida wa kiangazi huanza kukakamaa na kushindwa kushika njia. Kwa hiyo wakatafuta mchanganyiko laini zaidi unaobaki mnyumbufu kwenye baridi, wakauchanja michanjo midogo mingi ya kung'ata theluji, halafu wakaupunguza ulaini ule kidogo ili usiishe haraka wakati wa joto. Ni mapatano baina ya pande mbili, na kila upande umepoteza kitu.

Sisi upande mmoja wa mapatano hayo hatunao kabisa. Hata usiku wa kipupwe hewa ya Unguja hukaa karibu na nyuzi 20 au juu yake. Mchana wa kaskazi hewa inapita nyuzi 30, na lami yenyewe inakuwa na joto kubwa kuliko hewa. Kwenye lami ya namna hiyo mpira laini wenye michanjo mingi hucheza: vile vipande vidogo vya kashata vinapinda kila unapokamata breki au kukata kona, gari inachukua masafa marefu zaidi kusimama, na mpira unalika upesi. Majaribio ya Ulaya yamelionesha hilo mara kwa mara: kwenye lami kavu yenye joto, mpira mzuri wa kiangazi husimamisha gari mapema kuliko wa misimu yote. Ubora unaoulipia kwenye mpira wa namna hii ni wa theluji, na Makunduchi hakuna theluji.

Hapa pana jambo ambalo hata wauzaji wenyewe wanalichanganya. Herufi M+S na ile alama ya mlima si kitu kimoja. M+S ni maneno ya kiwandani yanayomaanisha matope na theluji, na mtengenezaji anaweza kuyaandika kwa kutazama umbo la kashata tu, bila mpira kupita jaribio lolote. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake ndiyo inayopewa mpira uliojaribiwa kwenye theluji ukafaulu. Kwa hiyo M+S peke yake isikutishe. Mipira mingi ya misimu yote ya soko la Marekani ina M+S tu, imefanywa migumu ili iende masafa marefu, na kwenye joto inavumilia vizuri. Mipira ya gari zilizoinuka, kama RAV4 na Escudo, nayo mara nyingi huwa na herufi hizo. Ukiuona mlima, jua kwamba mpira huo umesogezwa upande wa baridi.

Mbaya zaidi kuliko huo wako ni mipira ya theluji hasa, inayoshuka bandarini imefungwa kwenye gari za Japani. Wajapani wa mikoa ya baridi huuza gari ikiwa bado na mipira ya majira ya baridi, na huku kwetu watu wanaipenda kwa sababu kashata zake ni ndefu na kali kwa macho. Ukiona ubavuni jina kama Blizzak, iceGUARD au Winter Maxx, au neno STUDLESS, au ukiona kashata zimejaa michanjo myembamba ya kupinda-pinda kila mahali, huo ni mpira wa barafu. Ukiubonyeza kwa ukucha unauhisi laini. Mingi ina herufi Q mwishoni mwa saizi, yaani mwisho wa mwendo wake ni kilomita 160 kwa saa, wakati mpira wa kawaida wa gari kama yako huwa na S, T au H. Mtu ataniambia hapa hatufiki 160. Ni kweli, lakini herufi hiyo inaeleza pia namna mpira unavyostahimili joto linalojijenga ndani yake, na joto tunalo la kutosha. Kwa yeyote aliyenunua gari karibuni na hajawahi kuitazama mipira yake, naomba aitazame leo.

Sasa hiyo 3118 uliyoisoma. Umefanya vizuri sana kuiangalia, wengi hawaijui. Tarakimu mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Mpira huo umetoka kiwandani wiki ya 31 ya mwaka 2018, yaani mwanzoni mwa Agosti mwaka ule, na miaka saba imeshapita. Mpira wa gari huzeeka hata ukiwa haujatembea. Jua, joto na hewa vinaufanya mgumu, mafuta yaliyomo ndani yake yanakauka, na nyufa ndogo zinaanza ubavuni na kwenye mizizi ya kashata. Michelin wanashauri mpira ukaguliwe na mtaalamu kila mwaka baada ya miaka mitano, na wao pamoja na Continental wanashauri usipite miaka kumi hata kama kashata zake ni nzima. Ushauri huo haukuandikwa kwa kufikiria maduka yetu, ambako mipira hutundikwa nje tangu asubuhi hadi magharibi, ikipigwa na jua na hewa ya chumvi, halafu ikapakwa mafuta meusi ing'ae. Mafuta yale huficha nyufa. Chukua kitambaa, ufute ubavu, ukunje mpira kidogo kwa mikono miwili, na utazame chini ya kashata mahali pa mwanga.

Mume wako ana hoja, wala sitaki umwambie kwamba fundi kamdharau. Mpira wa kiwanda kikubwa cha Ulaya, ukiwa mchanga, unaweza kuupita kwa mbali mpira mpya wa bei rahisi. Lakini jiulize kwa nini mwenyewe aliuvua. Austria, kwa mfano, sheria haimhesabii dereva mpira kuwa wa majira ya baridi ukishuka chini ya milimita 4 za kashata. Mpira unavuliwa ukiwa bado unaonekana mzima, kwa sababu kazi iliyokusudiwa umeshindwa kuifanya. Ukifika hapa unaonekana bado una kashata, nasi tunaununua kwa macho.

Kwa hiyo pima, usitazame tu. Kama huna kifaa cha kupimia, chukua njiti ya kiberiti na rula ya skuli. Simamisha njiti ndani ya mfereji mkubwa wa katikati mpaka iguse chini, weka alama kwa ukucha usawa wa juu ya kashata, kisha itoe uipime kwenye rula. Rudia karibu na bega la ndani na bega la nje, kwa sababu mpira uliotoka kwenye gari yenye alaimenti mbovu, yaani magurudumu yasiyokaa sawa, huwa umelika upande mmoja. Ndani ya mfereji utaona pia vinundu vidogo vilivyokatiza. Hivyo viko usawa wa milimita 1.6, na kashata zikilingana navyo mpira umekwisha kisheria Ulaya na Japani. Mimi kwa masika yetu sikushauri ungoje hapo. Badilisha ikifika milimita 3.

Ukishapima, hesabu ya bei inageuka. Mpira mpya wa gari ndogo huja na milimita 8 hivi. Ukiutumia hadi 3, umenunua milimita 5 za kutembelea. Tuseme huo wa mtumba umebakisha milimita 4.5, ambazo muuzaji ataziita nzuri: umenunua milimita moja na nusu tu. Sasa gawa. Wa Kichina ni shilingi 30,000 kwa kila milimita. Wa Kijapani ni 46,000. Wa mtumba, ule wa rahisi, unakaribia 47,000 kwa kila milimita, na ni milimita za mpira wa miaka saba. Huo ndio ghali kuliko yote mitatu.

Nimetaja milimita 3 kwa sababu ya maji. Mtu wa Fuoni hahitaji kusimuliwa maji ya masika, Kibondemzungu na Mwanakwerekwe mnazijua wenyewe. Ila hatari kubwa kwa mpira si pale maji yanapojaa hata watu wote wakapunguza mwendo. Ni pale njia inapokuwa na maji membamba yanayong'aa, na dereva yuko kilomita 80 kwa saa. Kila mpira unagusa lami kwa eneo la ukubwa wa kiganja. Mifereji ya kashata kazi yake ni kuyatoa maji hapo chini kabla mpira haujayapanda juu. Ikiwa mifupi, maji hayapati pa kwenda, mpira unaelea, usukani unakuwa mwepesi ghafla na breki haifanyi kitu. Njia yako inapita msitu wa Jozani, penye miti iliyofunika njia, majani mabichi juu ya lami, na kima punju wanaokatiza bila kutoa taarifa. Matuta yamewekwa pale kwa ajili yao. Dereva anayetoka mwendo mkubwa akalikuta tuta kwenye mvua ndiye anayejua mpira wake ni wa aina gani. Kwa safari kama yako, kushika lami iliyorowa ndiyo sifa ya kwanza ya kununulia. Kudumu ni ya pili, na ukimya wa mpira ukiwa njiani uje mwisho kabisa.

Baina ya hiyo miwili mipya, soma ubavuni. Utakuta 88 na herufi baada ya saizi. Namba 88 maana yake mpira mmoja unabeba hadi kilo 560, na T ni mwendo wa hadi kilomita 190 kwa saa, H ni 210. Usishuke chini ya namba ya uzito iliyo kwenye kibandiko cha mlangoni. Kisha tafuta maneno TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE. Ni daraja za Marekani, lakini viwanda vingi vya Asia huziandika pia. TRACTION ni kushika lami iliyorowa wakati wa breki: AA ndiyo ya juu, kisha A, B na C. TEMPERATURE ni kuhimili joto, A ndiyo bora, na C ni kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa. Kwa nchi ya joto kama yetu mimi nataka A kwenye joto, na A au AA kwenye kushika. Mpira wenye B na B uununue ukikosa kabisa mwengine. TREADWEAR ni namba ya kudumu, mfano 300 au 500, lakini kila kiwanda hujipimia chenyewe, kwa hiyo isikupe kiburi cha kulinganisha kampuni mbili. Mpira wenye namba kubwa sana mara nyingi ni mgumu, na mpira mgumu kwenye maji si rafiki.

Mpira mpya wa Kichina usiudharau kwa jina la nchi. Linglong, Sailun, Triangle na Westlake ni majina ya viwanda vikubwa vinavyouza mpaka Ulaya. Tabu iko kwenye majina yasiyojulikana, yanayotokea msimu mmoja yakapotea msimu wa pili. Na huo wa Kijapani ukiugeuza ukakuta umetengenezwa Thailand au Indonesia, usidhani umeibiwa. Bridgestone wana viwanda huko, na nchi zile zina joto na mvua kama zetu. Mimi ningeufurahia. Ukiukuta na kibandiko cha Kijapani, daraja la kuokoa mafuta limeandikwa kwa herufi kubwa, AAA hadi C, na la kushika maji kwa herufi ndogo, a hadi d. Chagua a au b. Kibandiko cha Ulaya kinatumia A hadi E, kwenye mchoro wa wingu la mvua.

Mpira mpya nao uusome tarehe. Wenye mwaka mmoja au miwili ni sawa kama ulihifadhiwa ndani. Mwambie muuzaji akutolee wa stoo, asikupe ule uliotundikwa nje.

Turudi kwenye mipira miwili. Fundi atakwambia mbele, kwa sababu IST inavutwa na magurudumu ya mbele na ya mbele ndiyo yanayolika upesi. Anafikiria kudumu kwa mpira, mimi nafikiria wewe. Mipira ya mbele ikiteleza kwenye maji, gari inaendelea kwenda moja kwa moja: unauhisi usukani, unaachia mafuta, inapungua mwendo na kushika tena. Ya nyuma ikiteleza, mkia unatoka, gari inazunguka, na dereva wa kawaida hana muda wa kuirudisha. Hii ndiyo sababu watengenezaji wakubwa wa mipira wanashauri miwili mizuri zaidi ikae nyuma, hata kwa gari inayovutwa mbele. Ile ya zamani utakayoiacha mbele ipimwe kwa njiti pia, na kama iko chini ya milimita 3, afadhali ukope ukamilishe minne. Usichanganye mpira mmoja mpya na mmoja wa zamani kwenye ekseli moja, yaani kulia na kushoto pa mbele au pa nyuma. Wenye Escudo na RAV4 za kuvuta magurudumu yote wawe waangalifu zaidi, maana mipira yenye tofauti kubwa ya kimo inaumiza gia za kugawa nguvu.

Njia za ndani zina habari yake. Kama mwisho wa safari yako ni njia ya mawe ya matumbawe, jihadhari na ubavu, kwa sababu jiwe kali huukata pale ambapo hapabandikiki pancha. Mpira uliochomwa kwenye kashata hubandikwa kwa ndani ukapona. Uliokatwa ubavuni ni wa kutupwa. Ndugu zetu wa Pemba, wenye vilima, kona na udongo unaoteleza, wao wana haki zaidi ya kuchagua mpira wenye M+S na mifereji mipana, hasa kwa gari inayoingia mashamba ya karafuu. Noah ya abiria ni kazi nyengine: hiyo inataka mpira wa kubebea uzito mkubwa, wala isifungwe wa gari ndogo kwa sababu tu umeingia kwenye ringi. Na yule anayekwambia atakuchongea kashata upya kwenye mpira kipara, usimruhusu aguse gari yako. Mpira wa gari ndogo haukuwekewa unene wa kuchongwa, na anachokichimba ni kile kilichobaki baina yako na nyaya za ndani ya mpira.

Siku ya kufunga, simama hapo hapo. Mipira mingi ina mshale na neno ROTATION, au neno OUTSIDE upande mmoja. Mshale ufuate mwelekeo wa gurudumu gari inapokwenda mbele, na OUTSIDE itazame nje. Nimeona gari imetoka kwa fundi mshale wa kulia unatazama nyuma. Kashata za umbo la V zikigeuzwa, badala ya kuyasukuma maji pembeni zinayakusanya katikati. Ringi zisuguliwe kutu kabla ya kufungwa, maana chumvi ya hewani inazila ukingoni na upepo unatoroka kidogo kidogo. Mwambie pia akufanyie balansi, yaani asawazishe uzito wa magurudumu, na alaimenti ukikuta mipira ya zamani imelika upande.

Upepo ujazwe kwa kipimo cha kibandiko cha mlangoni, si kwa namba iliyo kwenye mpira, kwani ile ni mwisho wa kuhimili. Pima asubuhi kabla hujaondoka Fuoni. Ukipima Makunduchi mpira ukiwa moto utadanganyika, kwa sababu kila joto likipanda nyuzi 5 au 6 upepo huongezeka karibu psi 1 (psi ndicho kipimo cha upepo kwenye geji), na ukiutoa pale utaamka kesho na mpira mlegevu. Fanya hivyo mara moja kwa mwezi, na mpira wa akiba usiusahau.

Funga kabla masika hayajaanza. Mpira mpya huja na utelezi wa kiwandani juu yake, hivyo kilomita 200 au 300 za mwanzo nenda taratibu na uache nafasi kubwa mbele yako. Ukifika kama kilomita 100, mrudie fundi azikaze nati tena kwa spana, maana zinaweza kulegea kidogo baada ya ringi kukaa sawa.